Katumbi na Wachezaji wa Mazembe: Tumpime kwa Mizani Gani?

Wandugu wahitimu, pamoja na nyinyi ambao mungali kwenye viti vya chuo kikuu,

Hapa kwetu Rwambuzi, siku Mazembe inacheza, kuna ubishi mmoja haukosi. Mmoja atasema: "Katumbi anajua kuchagua wachezaji kuliko mtu yeyote Afrika." Mwingine atamrukia: "Achana naye! Franga njo ilichagua. Nipe ile feza, hata mimi nitakuletea kombe." Hapo kelele zinaanza, na mwenye sauti kubwa ndiye anashinda.

Leo nataka tufanye kazi hiyo kisomi kidogo. Siongelei siasa. Najua Moïse Katumbi alikuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, na kwamba aligombea urais wa nchi Desemba 2023. Hayo tuyaweke kando. Ninamwongelea Katumbi mmoja tu, yule aliyekuwa rais wa TP Mazembe tangu 1997, mwenye neno la mwisho kuhusu nani avae jezi nyeusi na nyeupe. Swali langu ni hili: mtu ambaye kazi yake ni kuchagua watu, tunamhukumu namna gani kwa haki?

Swali hili si la mpira peke yake. Sisi wote tuliomaliza masomo hapa Bunia tunaishi kwa kuchaguliwa. Unapeleka faili kwenye shirika, unasubiri, mwingine anachukuliwa. Kesho kutwa baadhi yetu ndio tutakaa upande ule wa meza, tukichagua wenzetu. Kama hatuwezi kumpima mchaguzi wa wachezaji, ambaye kazi yake inaonekana uwanjani mbele ya watu wote, tutampima vipi mchaguzi wa walimu, wa wauguzi au wa mahakimu?

Tuanzie mbali, Marekani, kwa sababu wao wamerahisisha hesabu. Katika mpira wao, ule wa kubebwa mikononi, kila mwaka timu zinapanga foleni kuchagua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Timu iliyofanya vibaya zaidi inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, na wanarudia mzunguko baada ya mzunguko. Kila kijana anapewa namba ya zamu aliyochukuliwa. Kila timu ina meneja mkuu, na miaka kumi baadaye mtu yeyote anaweza kufungua orodha aone: huyu alimchukua nani, alimwacha nani.

Mfano wanaoupenda ni wa mwaka 2000. Timu ya New England Patriots ilimchagua kijana anaitwa Tom Brady, akiwa namba 199. Kijana huyo aliwapatia ubingwa mara sita. Ukisikia hivyo utasema: aliyemchagua ni nabii! Lakini ngoja. Kama walijua kweli kwamba yeye ni dhahabu, kwa nini walimwacha mizunguko mitano mizima, wakichukua wengine mbele yake? Wangeweza kunyang'anywa saa yoyote. Kumbe hata wao hawakujua. Walikuwa na jicho zuri kidogo na bahati kubwa sana. Wataalamu wawili, Cade Massey na Richard Thaler (huyu wa pili alipata Nobel ya uchumi mwaka 2017), walichunguza chaguzi hizo wakaona kwamba timu zinalipia mno zamu za juu kabisa, kwa sababu wachaguzi wanajiamini kuliko wanavyojua.

Somo ninalolitoa hapo ni moja: nyota mmoja hathibitishi kitu. Ukitaka kumpima mchaguzi, mwaga gunia lote chini, mahindi mazuri na yaliyooza pamoja.

Kwetu hakuna foleni kama ile. Mwenye pesa na mwenye mbio ndiye anachukua. Bei nyingi tunazisikia kwa redio ya barabarani, kila mtu na takwimu zake. Lakini majina, miaka na makombe viko wazi. Kwa hiyo tunaweza kuuliza maswali manne.

Swali la kwanza: alianzia wapi?

Mazembe haikuzaliwa na Katumbi. Ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini pale Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Ikiitwa Tout Puissant Englebert, ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na ikafika fainali tena 1969 na 1970. Fainali nne mfululizo! Mwaka 1973 mchezaji wake Tshimen Bwanga akawa mchezaji bora wa Afrika. Mwaka 1980 ikaongeza kombe la washindi. Watoto wa nchi hii waliyafanya hayo kabla ya mtu yeyote kuota ndege ya kukodi.

Kwa hiyo anayesema Katumbi aliitoa Mazembe gizani anasema nusu ya ukweli. Alikuta jina kubwa. Lakini nusu ya pili nayo ni kweli: lile jina lilikuwa limelala. Baada ya 1980, kimya, hakuna kombe la bara. Na alipoingia 1997, hakuamsha kitu kwa siku moja. Ilichukua miaka 12 kabla ya kombe la kwanza la Afrika, mwaka 2009. Fikirini: kama tungemhukumu mwaka 2005, tungeandika nini? Tungeandika "tajiri anapoteza muda." Mchaguzi anahitaji miaka, na anayemhukumu anahitaji uvumilivu uleule.

Halafu makombe yakaja. 2009, Heartland ya Nigeria ilitolewa kwa faida ya goli la ugenini. 2010, Espérance ya Tunisia ilipigwa 5-0 Lubumbashi. 2015, USM Alger ilifungwa nje na ndani. 2016 na 2017, Kombe la Shirikisho mara mbili mfululizo. Makombe matano makubwa ya bara ndani ya misimu tisa. Na Desemba 2010, kule Abu Dhabi, Mazembe ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Iliwafunga Pachuca ya Mexico 1-0, ikawafunga Internacional ya Brazil 2-0, kisha ikapoteza 3-0 mbele ya Inter Milan.

Swali la pili: je, ni pesa tu?

Tuangalie zile mechi za Abu Dhabi. Magoli matatu dhidi ya Pachuca na Internacional yalifungwa na Bedi Mbenza, Mulota Kabangu na Dioko Kaluyituka. Wakongo wote watatu. Langoni alikuwa Robert Kidiaba, yule wa kurukaruka kwa makalio, Mkongo wetu. Na nyota mkubwa wa timu, Trésor Mputu, aliyetajwa na CAF kuwa mchezaji bora wa 2009 kati ya wanaocheza barani, hakuwepo kabisa, kwa sababu alikuwa amefungiwa mwaka mzima baada ya vurugu na mwamuzi kule Kigali. Timu iliyopoteza mtu wake wa kwanza na bado ikamtoa bingwa wa Amerika Kusini haikujengwa kwa jina moja la bei kali. Hapo nampa mchaguzi alama: alikuwa na watu wa pili na wa tatu.

Sasa mtazameni Mbwana Samatta. Mwaka 2011 Mazembe ilikutana na Simba ya Dar es Salaam katika Ligi ya Mabingwa. Simba ikatolewa, lakini kijana mmoja wa miaka 18 alikuwa ameonekana. Mwaka uleule akahamia Lubumbashi. Mwaka 2015 akawa mmoja wa vinara wa magoli wa Ligi ya Mabingwa, akiwa na magoli saba, na akafunga katika fainali. Januari 2016 akapokea tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na aliyemfuata kwa kura ni Kidiaba, wa timu ileile. Kisha akaenda Genk ya Ubelgiji, ikachukua ubingwa msimu wa 2018/19, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa.

Mwenye hoja ya franga ajibu hili: je, Samatta alihitaji utajiri wa ajabu kuonekana? Alikuwa anacheza Simba, timu kubwa, mbele ya maelfu ya watu. Klabu za Cairo, Tunis na Casablanca zina pesa kuliko Lubumbashi, na macho zinayo. Hazikumchukua. Ndivyo pia kwa Wazambia, ambao wako ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga. Zambia ilipotwaa Kombe la Afrika Februari 2012 pale Libreville, penalti ya mwisho iliyoizima Côte d'Ivoire ilipigwa na Stoppila Sunzu, mchezaji wa Mazembe. Rainford Kalaba, naye wa Mazembe, alikosa yake dakika chache kabla. Huo ndio mpira.

Ukiyaweka pamoja unaona mtindo wake. Hakununua majina yaliyochoka kutoka Ulaya. Alichukua vijana walio tayari, kutoka ligi za jirani ambazo matajiri wa kaskazini walizidharau: Tanzania, Zambia, Ghana, Mali, Côte d'Ivoire. Alinunua pale ambapo bei ilikuwa chini ya thamani. Hiyo ni akili, si franga peke yake. Franga ilimsaidia kwa jambo lingine, na ni kubwa vilevile: kuwabakiza. Samatta alikaa Lubumbashi karibu miaka mitano. Timu maskini ingemuuza baada ya miezi sita.

Kwa hiyo jibu langu kwa rafiki wa franga ni hili: pesa ilikuwa lazima, lakini haikutosha. Wenye pesa ni wengi, na waliofika fainali ile ya dunia kabla yake kutoka Afrika nzima ni sifuri.

Swali la tatu: wale aliowachukua, aliwatunza vipi?

Hapa mizani inainama upande wa pili, na wapenzi wa Mazembe wanisamehe.

Kuchagua hakuishi siku ya kusaini. Kuna karatasi. Mwaka uleule wa 2011, katika mechi zilezile na Simba, Mazembe ilimtumia Janvier Besala Bokungu, ambaye mkataba wake na Espérance ulikuwa bado na utata. Simba wakakata rufaa, na CAF ikaitoa Mazembe mashindanoni. Bingwa mtetezi, aliyechukua kombe mara mbili mfululizo, akaondolewa na faili. Ndiyo mechi iliyomleta Samatta, na ndiyo mechi iliyowagharimu taji. Jicho na uzembe kwenye mechi moja! Anayeandika historia ya chaguzi za Katumbi akamtaja Samatta bila kumtaja Bokungu, huyo si mwanahistoria, ni msemaji wa timu.

Kuna pia suala la kuondoka. Meschack Elia alikuwa shujaa wa taifa Februari 2016, alipofunga magoli mawili kwenye fainali ya CHAN kule Kigali, tukaipiga Mali 3-0. Mazembe ikawa na mchezaji wa thamani mikononi. Mwaka 2019 akaondoka kwa ugomvi mkubwa na klabu, mambo yakafika kwenye shirikisho, na mwaka 2020 akaibukia Young Boys ya Uswisi. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachosema ni kwamba mchaguzi anapimwa pia kwa mlango wa kutokea. Kijana akitoka kwa amani, wengine kumi watakuja. Akitoka kwa kukimbia, waliobaki wanaanza kuangalia dirisha.

Lakini kuna alama nyingine ya kumpa. Kuanzia 2016 hadi Mei 2019 Katumbi alikuwa nje ya nchi. Kombe la Shirikisho la 2016 na lile la 2017 yalichukuliwa yeye akiwa hayupo Lubumbashi. Kazi inayoendelea kusimama mwenyewe akiwa mbali, hiyo ni kazi. Wangapi kati ya wakubwa wetu wangeondoka ofisini mwaka mmoja tu na mambo yakaenda?

Swali la nne, na kwangu ndilo zito: nani hakuangaliwa?

Orodha ya waliochaguliwa inaonekana. Orodha ya walioachwa haina karatasi. Marekani wanaweza kusema: timu fulani ilimruka Brady mara sita. Sisi hatuwezi kusema Mazembe ilimruka kijana gani wa Ituri, kwa sababu ili umruke mtu ni lazima kwanza awe amepita mbele ya macho yako.

Mwaka 2012 klabu ilianzisha shule yake ya mpira, Katumbi Football Academy, Lubumbashi. Ni hatua nzuri. Jackson Muleka, mtoto wa Lubumbashi, alipita hapo, akafunga magoli kwa timu kubwa, akauzwa Standard ya Liège mwaka 2020, kisha akafika Beşiktaş ya Uturuki. Hilo ni jibu kwa wanaosema Katumbi ananunua tu bila kupanda. Na klabu haikusahau wanawake: Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikiwafunga AS FAR ya Morocco 1-0 kwenye fainali. Wachaguzi wengi wa mpira wetu hawakuwahi kuangalia upande huo hata kidogo.

Lakini tuitazame ramani. Kutoka Bunia unaweza kufika Kampala kwa barabara na ziwa. Kwenda Lubumbashi unahitaji ndege, na tiketi yake ni mshahara wa miezi. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na vita vilianza kutula zamani kabla ya hapo. Kuna vijana wa Djugu na Irumu waliojifunza kupiga mpira katika kambi za wakimbizi wa ndani, kwenye vumbi, kwa mpira wa matambara. Hakuna mtu anayekuja huko na daftari. Kwa mtafuta wachezaji ni rahisi zaidi kwenda Dar es Salaam au Ndola kuliko kuja Bunia.

Je, hilo ni kosa la Katumbi? Hapana, si lake kwa sehemu kubwa. Yeye ni rais wa klabu ya Lubumbashi, si waziri wa michezo. Hakuleta vita, na hakuharibu barabara. Lakini linatufundisha kikomo cha sifa zote za uchaguzi. Mtu anaweza kuchagua vizuri sana kati ya wale anaowaona, na bado nchi ikapoteza, kwa sababu nusu yake iko gizani. Tukimsifu mchaguzi kwa jicho lake, tuulize pia taa ilikuwa inamulika wapi.

Hukumu yangu, basi. Kwa kununua vijana walio tayari kutoka ligi za jirani, kati ya 2009 na 2017, namweka Katumbi juu kabisa Afrika, na sioni wa kumpita kusini mwa Sahara kwa miaka ile. Kwa kusimamia karatasi na kuachana na watu, alama za kati, na kosa la 2011 lilikuwa ghali mno. Kwa kupanda vijana nyumbani, ameanza vizuri, ila tusubiri. Mazembe ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2024 na Al Ahly wakaitoa, na kombe la Afrika la wanaume halijarudi Lubumbashi tangu 2017. Shamba la shule ya mpira linavunwa baada ya miaka kumi na tano, si mitano.

Wasomi wenzangu, chukueni maswali haya manne mkayatumie nje ya uwanja. Mkurugenzi akisifiwa kwamba "analeta watu wazuri," ulizeni: alikuta nini? Nani mwingine angeweza kuwapata hao watu? Aliwatunza na kuwaachia vipi? Na akina nani hawakuwahi kufika mezani kwake? Mbunge, padri mkuu wa shule, mkubwa wa shirika, wote wanachagua watu kila mwaka, na wote wana Samatta wao wa kuonyesha wageni. Ombeni orodha nzima.

Na wewe ambaye barua yako imerudi bila jibu mwaka huu, usifikiri kila aliyeachwa alipimwa. Wengi wetu hatujapimwa bado. Tukija kukaa upande ule wa meza, kazi yetu ya kwanza iwe kutembea mpaka kule ambako hakuna aliyewahi kufika na daftari.